Mtoto akiwa kwenye plasta: jinsi marafiki wa simu tulivyogawana kazi

Mtoto wa miaka mitano akigongwa na boda boda na kuvunjika mfupa wa paja, siku za mwanzo kila mtu yupo. Simu hazinyamazi, pesa zinaingia, dua zinatumwa. Kazi yenyewe inaanza pale mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani na mtoto aliyefungwa plasta ngumu kuanzia chini ya kifua, mguu uliovunjika mpaka kifundoni na mguu wa pili mpaka juu ya goti. Wakati huo pole zimeshaisha.

Sisi ni kina mama wa biashara ya vitenge, tuko Uganda: Busia, Kampala, Kasese na Arua, na wengi wetu hatujawahi kuonana ana kwa ana. Tunakutana WhatsApp, maana Facebook ilifungwa nchini Januari 2021. Mwenzetu wa Arua alipofikwa na jambo hili, daftari nililishika mimi, na tulipanga hivi.

Kwanza tulimpumzisha mama na simu. Watu hamsini wakiandika "pole sana dada, anaendeleaje?" ni maswali hamsini kwa mtu ambaye hajalala. Tukafungua makundi mawili. La kwanza ni la taarifa, limewekwa waandike maadmini peke yao, na taarifa inatoka mara moja, jioni. La pili ni la watu sita wa kazi: wa pesa, wa dawa na vifaa, wa chakula, wa usiku, sista mmoja ambaye ni muuguzi kweli, na mmoja anayeishi karibu na hospitali. Huyu wa mwisho ndiye nguzo. Mkiwa mia na hakuna hata mmoja anayeweza kufika wodini kwa miguu, tafuteni kwanza huyo kabla ya kuchanga shilingi.

Mama naye hatukumuuliza "unahitaji nini?", kwa sababu mtu aliyechoka hujibu "hapana, tuko sawa". Tulimpa la kuchagua: "Dada, sabuni na maji ya kunywa vije leo jioni au kesho asubuhi?" Hapo anajibu kwa neno moja.

Pesa zilipita kwa mtu mmoja, kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina ambalo wote tunalijua, na kila jioni orodha ya waliotoa na kilichonunuliwa ilibandikwa kwenye kundi. Hospitali za serikali ziliacha kutoza ada mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, lakini dawa au bandeji zikiisha stoo familia inanunua nje, na chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza ni juu ya familia. Hivyo pesa inatoka kidogo kidogo kila siku. Kutoa pesa kwenye simu kuna ada ya wakala na juu yake kodi ya asilimia 0.5: ukitoa 200,000, kodi peke yake ni 1,000. Tulipoweza tulimlipa mwenye duka la dawa moja kwa moja kwa simu, naye akamkabidhi dawa yule wa karibu. Na mjihadhari: mchango ukitangazwa sana, matapeli hupiga simu wakisema "nimetuma kimakosa, nirudishie". Angalieni salio kwanza, kisha mwambieni apeleke shida yake kwa kampuni ya simu.

Picha za mtoto hazikutoka nje ya kundi la kazi. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na hata bila sheria, mtoto aliyelala uchi wodini si wa kuzungushwa kwenye simu za watu.

Wodini mguu ulivutwa kwanza. Bandeji inabandikwa kwenye ngozi ya mguu, kamba inapita kwenye kapi, na uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, takriban kilo moja kwa kila kilo kumi za mtoto. Shida ni wageni. Mtu anaona uzito unaning'inia, anaona huruma, anausogeza ukae juu ya kiti. Hapo mguu hauvutwi tena, misuli inakaza, ncha za mfupa zinapandana na maumivu yanarudi. Kila asubuhi mama alimtumia sista picha ya kamba na uzito: uning'inie bila kugusa sakafu wala kitanda, na fundo lisikwame kwenye kapi.

Ushauri wa tiba ulikuwa wa sista peke yake, na sheria hiyo hatukuilegeza. Watu wazuri kabisa, wenye nia njema, watakuletea mganga wa mifupa, dawa ya kupaka, mtu wa kukanda. Kukanda mahali palipovunjika kunaweza kuzalisha mfupa ndani ya msuli, na vijiti vikifungwa kwa nguvu vinaweza kukata damu mpaka mguu ukaoza. Anayetuma ushauri huo alijibiwa kwa adabu faraghani, na mama hakuuona.

Kabla ya plasta, pimeni uzito wa mtoto na muuandike mahali pa kuonekana. Sisi tuliupini juu kabisa ya kundi la kazi. Parasetamoli hupimwa kwa kilo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 18 anapata kama miligramu 250. Akipimwa na plasta mwilini mizani inadanganya, na dozi inapanda bila mtu kujua.

Siku mbili tatu za kwanza plasta bado mbichi ndani hata kama juu imekauka. Iinuliwe kwa viganja vilivyofunguliwa, si kwa ncha za vidole, maana vidole vinaacha shimo na shimo linakuja kuchimba ngozi. Isifunikwe blanketi. Mtoto ageuzwe kila baada ya saa 2 hadi 4, na kile kijiti kinachounganisha miguu miwili kisishikwe kama mpini. Kinavunjika na kuharibu kila kitu.

Usiku mmoja, mama aliandika: "Sista, vidole vya mguu vimevimba kidogo." Jibu lilikuja kwa sauti: "Bonyeza kucha ya kidole gumba mpaka iwe nyeupe, achia, hesabu moja, mbili. Wekundu umerudi?" Umerudi. "Anaweza kuvichezesha? Ukimgusa anasikia?" Ndiyo. "Inua mguu kwa mto, tutazame tena baada ya saa moja." Vidole vikiwa baridi, vya bluu au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi huku dawa imeshatolewa, hapo hakuna kusubiri asubuhi: ni hospitali usiku huohuo, plasta ipasuliwe. Ndiyo maana zamu ya usiku ilikuwa na mtu mwenye bando na simu yenye chaji, na mama tulimnunulia pawa benki mapema kuliko kitu kingine chochote.

Safari ya kurudi nyumbani ipangwe kabla ya siku ya kuruhusiwa. Mtoto aliyefungwa hivi hakai kwenye boda, na kwenye teksi ya abiria 14 hapiti wala halali. Ni gari la kukodi, alazwe kiti chote cha nyuma, mtu mzima akae chini kwenye sakafu akimzuia asiteleze.

Nyumbani adui ni mkojo. Plasta ikilowa inanuka, inalainika, na ngozi inachubuka. Kichwa na kifua vikae juu kidogo ya miguu ili mkojo uteremke kwenye chupa au beseni badala ya kurudi mgongoni. Kingo za plasta zizungushiwe vipande vya plasta ya kunata, kila kimoja kikipanda juu ya mwenzake, na karatasi ya nailoni iingizwe chini ya ukingo wakati wa haja, kisha itolewe. Kila asubuhi na jioni mulika kwa tochi ya simu chini ya kingo. Akiwashwa, pepea kwa kipande cha boksi. Kijiti au sindano ya kusuka isiingie humo hata kidogo. Harufu mbaya isiyo ya mkojo, au doa linaloota juu ya plasta, maana yake kuna kidonda chini.

Chakula kiwe kidogo mara nyingi, kwa sababu plasta inabana tumbo. Uji wa ulezi wenye maziwa, maharage, mayai, mukene (dagaa) waliosagwa, dodo (mchicha). Kulala siku nzima kunafunga choo, kwa hiyo maji na papai kila siku. Tumbo likijaa na kuwa gumu huku anatapika mfululizo, arudi hospitali.

Kuhusu kuchoka kwa mtoto, hapa marafiki wa mbali wanafaa kuliko pesa zao. Kila jioni mmoja wetu alituma ngano kwa ujumbe wa sauti, na shangazi mmoja wa Kasese alimfundisha kuhesabu kwa kumtajia bei za vitenge. Sauti inakula bando kidogo kuliko video, na tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Kwa umri huo mfupa wa paja huchukua wiki 4 hadi 8 kushika, na daktari anaamua kwa eksirei. Msumeno wa kukatia plasta hauzunguki. Unatetemeka, unakata kigumu na kuiacha ngozi, ila unapiga kelele na kupata joto. Tulimtafutia sauti yake mapema, akaizoea kwa kuicheza mwenyewe kwenye simu.

Plasta ikitoka, mguu umekonda, ngozi ina magamba, goti gumu. Maji ya vuguvugu na sabuni, bila kusugua, halafu mafuta. Aachwe atambae na kusimama kwa hiari yake. Kuchechemea kwa wiki kadhaa hata miezi ni kawaida. Mguu uliovunjika unaweza hata kurefuka kwa sentimita moja hivi kuliko mwenzake. Akiacha kukanyaga baada ya kuwa ameshaanza, au mguu ukionekana umepinda, arudi kwa daktari wa mifupa. Wa Kampala wanaifahamu hospitali ya CoRSU, iliyoko Kisubi njia ya Entebbe, inayoshughulika na watoto wa namna hii. Kundi la kazi halikufungwa siku ya plasta kutoka: nauli ya kliniki na ya eksirei ya mwisho tulikuwa tumeitenga tangu mwanzo.