Mkikwama mnatafuta mtu

Wiki hii kaka ametoa mahari Sengerema, tumepita juu ya daraja la Kigongo–Busisi kana kwamba kivuko hakijawahi kututesa, na dada amerudi kwake na watoto wote. Hayo nitayaandika siku nyingine. Nikiweka kichwa kwenye mto kinachonirudia ni maneno ya Mzee wetu wa ofisini, Jumanne asubuhi, mbele ya mhasibu na yule kijana wa fildi.

"Binti, mimi nilishafunga tangu jana. Nyie watoto mkikwama lazima mtafute mtu."

Na swali langu, naapa, lilikuwa hili: "Shikamoo Mzee, samahani, kuna kitu bado umekifungua kule kwenye seva?" Sikusema ni yeye. Mhasibu nilimuuliza vile vile, akanijibu kuwa lahajedwali zake ziko wazi, tukamalizana. Mzee yeye akaitikia marahaba, akavua miwani, ndipo akanipa hiyo. Kijana wa fildi akacheka kidogo, akajifanya anakohoa.

Kisa chenyewe ni NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya programu ya Python. Ile skripti ya kujumlisha uzito wa sangara na dagaa kutoka mialoni (mnaijua, nimeilalamikia humu vya kutosha) ilikuwa inataka toleo jipya. Pip, ile programu ya kusakinishia vitu vya Python, ikapakua vizuri, ilipofika kwenye kufuta toleo la zamani ikagoma: WinError 5, huna ruhusa. Nikaiendesha kama msimamizi, jibu lile lile. Ndani ya folda za Python kukabaki folda ya ajabu, ~umpy, herufi ya kwanza imeliwa na kiwimbi. Aliyewahi kuiona anajua kuwa kuna programu mahali fulani imelishikilia faili. Windows ikishapakia DLL (faili la msimbo ambalo programu hulitumia) kwenye kumbukumbu, inakubali uibadilishe jina, lakini kuifuta ni mpaka anayeitumia aiachie. Ingekuwa Linux, jipya lingekaa mahali pa la zamani na mwenye kulitumia angeendelea na lake bila hata kujua.

Kuzima na kuwasha kungemaliza yote, najua, msiniandikie. Lakini seva ile tunaitumia wote kwa mbali, na mhasibu alikuwa kwenye hesabu za kufunga mwezi. Nani azime?

Nikafungua Process Explorer, programu inayoonyesha nani ameshikilia faili gani, nikatafuta _multiarray_umath. Hilo ndilo faili gumu la NumPy, na mara nyingi ndilo linalong'ang'aniwa. Likaja jibu moja: python.exe. Mtumiaji: Mzee.

Jamani, nilivyofurahi! Nilishanyanyuka kwenye kiti. Nilishapanga na sauti nitakayotumia, ya upole kabisa, "Mzee, hebu njoo uone." Kwa sababu kufunga alifunga kweli, ila alibonyeza ule msalaba wa dirisha, na msalaba unakukatia mawasiliano tu. Programu zako kule zinaendelea kama upo, hadi uchague kutoka kabisa.

Nikabofya mara mbili nipate ushahidi kamili. Imeanza: saa tano na ushee usiku. Folda inayofanyia kazi: mazoezi_usiku.

Nikakaa.

Mzee wetu huyu, wa kaunta buku na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Anayeniambia kila siku hayo mambo yenu yataleta njaa. Mwakani anastaafu. Saa tano usiku yuko nyumbani kwake, anajifunza Python peke yake, na hakuna aliyemwambia aanze wala hajamwuliza mtu hata swali moja. Mimi niko meza ya tatu kutoka kwake!

Sikumwita. Folda yenyewe sikuifungua. Niliandika kwenye kundi la ofisi kwamba seva ina matengenezo saa kumi, kila mtu ahifadhi kazi yake na atoke kabisa, nikaeleza pa kubonyeza hatua kwa hatua, kwa wote. Saa kumi faili likaachiwa. Nikaifuta ~umpy kwa mkono, NumPy ikaingia bila kelele. Mzee akapita mezani kwangu akielekea nyumbani: "Imekubali?" Nikasema imekubali, Mzee. Akasema haya, akaenda zake.

Sasa sijui kama nimemsamehe. Ile "nyie watoto" bado inauma, na angeweza kunijibu hivyo hivyo hata kama asingekuwa na cha kuficha. Ila juzi nimeacha kitabu changu cha zamani cha Python juu ya kabati la mafaili, upande wake, na leo hakipo. Labda kachukua kijana wa fildi.

Wingu limetanda ziwani tangu alasiri na Mama ameanika dagaa Igombe. Pesa yote ya upatu ameitia humo. Zikinyeshewa zinageuka za kuku, na bei ya kuku mnaijua. Nampigia hapatikani; ile simu yake chaji haikai, na nilimwahidi betri tangu Pasaka.