Utando wa Sabuni Mdomoni mwa Kikombe

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mambo ya kustaajabisha yana mahali pake, na kwamba mahali hapo ni mbali na ninapoishi: kwenye vilele vya milima, au katika picha za nyota zinazopigwa kwa darubini kubwa. Siku za kawaida niliziona kuwa njia tu ya kuzifikia siku chache zenye maana, na kwa kuwa hizo ni chache kweli, sehemu kubwa ya maisha yangu ilikuwa ikipita bila mimi kuwamo.

Kilichonizindua ni kikombe. Nilikuwa nikiosha vyombo usiku, nimechoka, nilipokiinua kutoka majini na kukuta utando wa sabuni umetanda mdomoni mwake. Nilipokilaza ubavu chini ya taa, rangi zilijipanga kwa mistari ya mlalo, kijani, waridi na dhahabu, zikawa zinashuka polepole. Kisha sehemu ya juu ikageuka nyeusi, kana kwamba utando umetoboka, ilhali ulikuwa mzima. Punde ukapasuka bila sauti, nami nikabaki nimesimama na mikono imelowa, nikitamani kuuona tena.

Nilitafuta maelezo, na maelezo yakazidisha mshangao wangu. Utando ule haukuwa na rangi yoyote yake yenyewe. Mwanga unapoufikia, sehemu yake hurudishwa na uso wa mbele na sehemu nyingine na uso wa nyuma. Mawimbi hayo mawili ya mwanga yakikutana, baadhi ya rangi huimarishana na nyingine hufutana, kutegemea unene wa utando mahali hapo. Kwa kuwa maji huvutwa chini kwa uzito wake, sehemu ya juu huendelea kuwa nyembamba mpaka inafikia nanomita 30 hivi, ilhali unywele wa binadamu una makumi ya maelfu ya nanomita. Hapo rangi zote hufutana, na ndiyo sababu ya weusi ule. Isaac Newton aliueleza weusi huohuo mwaka 1704. Wapo wanaosema kwamba kukielewa kitu huua uzuri wake. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu kabla ya kuelewa niliona rangi tu, na sasa naona pia wembamba ambao macho yangu yasingeweza kuupima kwa njia nyingine.

Nimekuja kufikiri kwamba hata lugha yetu inatutahadharisha na hali hii. Mtu anayesimama kutazama huambiwa aache kushangaashangaa, kama kwamba kushangaa ni uvivu, na methali ya Musa na Firauni hutumika zaidi pale tunapotarajia makubwa mabaya zaidi. Ninaielewa tahadhari hiyo, kwa kuwa kazi haijifanyi yenyewe. Hata hivyo, dakika moja ya kukitazama kikombe haijawahi kunichelewesha popote.

Mwaka 2020, watafiti walioongozwa na Virginia Sturm wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya utafiti ambamo wazee waliombwa kutembea dakika 15 kila wiki kwa wiki 8, na kundi mojawapo likaelekezwa kuyatazama mazingira kwa macho mapya. Washiriki walijipiga picha njiani. Katika kundi hilo, kadiri wiki zilivyopita, mtu mwenyewe alichukua nafasi ndogo zaidi ndani ya picha yake, na mandhari ikachukua nafasi kubwa zaidi.

Niliposoma hayo niliitambua hali yangu. Nilikuwa nimeitafuta maana kwa kujipima: nimefanya nini, nimefika wapi, nani ameona. Mbele ya utando ule hakuna lililonihusu, na badala ya kujiona mnyonge, nilihisi mzigo umetuliwa. Dunia ilikuwa ikifanya kazi yake kwa ustadi mkubwa ndani ya chombo kichafu, na kwa wakati ule ilitosha kwamba nipo nikishuhudia.

Jana usiku nilikiinua tena kikombe kilekile. Mara mbili utando ulipasuka kabla rangi hazijajipanga. Mara ya tatu ukatulia, mistari ikaanza kushuka, nami nikafunga bomba ili maji yasiutikise.