Oili inavuja nyuma, kumbe inatoka juu

Jamani hii injini ya Toyota tumeifungua yote hapa Malindi tukaijenga upya, ringi mpya, beringi mpya, gaskit zote mpya, halafu nikienda Gede tu nikirudi oili inadondoka pale injini inapokutana na gia boksi. Kila anayechungulia anasema ni sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili pale krenki inapotokea upande wa gia boksi, kwa hivyo shusha gia boksi. Roho yangu ikakataa, maana oili huteremka na upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, kwa hivyo inapodondokea sio lazima ndipo inapotokea.

Tukaosha injini ikiwa baridi, tukaikausha kwa kompresa, nikainyunyizia poda ya watoto upande mzima wa bloku tukawasha. Mwanzo hakuna kitu. Ilipopata moto sawasawa ndio nikauona, mstari mwembamba mweusi unakata ile poda, nikaufuata na tochi kuelekea juu mpaka kwenye swichi ya presha ya oili, ile inayowasha taa ya oili kwenye dashibodi, na sio pale inapokazwa kwenye injini, ni pale plastiki inaposhikana na chuma! Ile swichi ni ya zamani, ilirudishwa tu wakati wa kujenga. Ikiwa baridi haitoi, ikipata moto inatoa jasho.

Fundi kaweka mpya na spana moja, gia boksi haikuguswa. Nimeenda Mombasa nikarudi, chini kukavu wallahi. Bado nataka kuangalia paipu ya kupumulia injini, ile ikiziba presha inajaa ndani na hata sili nzima zinaanza kuvuja.