Intaneti ilikata kila tukiweka fayawoli
Ofisi yetu hapa Malindi ilivutiwa faiba, lakini kila tukiweka fayawoli (kifaa cha kulinda mtandao) kati ya modemu na kompyuta, intaneti inakata. Laptopu ikichomekwa kwenye modemu yenyewe, inashika vizuri. Nikatazama anwani za IP, yaani namba za vifaa kwenye mtandao: modemu 192.168.1.1, na fayawoli kwa upande wa ndani 192.168.1.1 vilevile. Nje na ndani mtandao mmoja, fayawoli itajuaje pakiti za data izipeleke wapi? Upande wa ndani nikaubadilisha kuwa 192.168.20.1, nikazima swichi ya mtandao, ile inayounganisha kompyuta, na kuiwasha ili kompyuta ziombe anwani upya. Ikashika. Printa yenye anwani ya kudumu ibadilishe kwa mkono, hiyo husahaulika sana. Wageni nimewatengea Wi-Fi isiyofikia faili za hesabu. Hilo kwangu ni lazima.