Nani anaamua nani ni mgonjwa wa akili?

Wengi tunadhani magonjwa ya akili yanapimwa kama malaria, unatolewa damu, kidudu kinaonekana kwenye hadubini, basi. Hapana jamani. Mengi wataalamu wanakaa, wanabishana, wanakubaliana dalili zipi zihesabike ugonjwa, na hao wataalamu nao ni watu, wana serikali zao, dini zao na mabosi zao.

Mwaka 1851 daktari wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kabisa kwamba mtumwa anayetoroka anaumwa, ugonjwa akauita drapetomania, na moja ya tiba zake ni viboko. Yaani mtu anakimbia minyororo halafu mgonjwa ni yeye! Na Wasovieti nao wapinzani wao waliwafungia hospitali kwa kisingizio cha skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie visivyokuwepo.

Ila inayoniuma zaidi ni ya 1972, mkutano wa madaktari wa akili wa Marekani pale Dallas. Wakati huo mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kwenye orodha yao ya magonjwa. Daktari mmoja, John Fryer, akakaa mbele ya wenzake amevaa kinyago na wigi, suti kubwa kuliko mwili wake, maiki inambadilisha sauti, akawaambia mimi ni mmoja wa hao mnaowaita wagonjwa na ni daktari wa akili kama nyie. Alijificha hivyo kwa sababu kazi ingeota mbawa. Utafiti wa mwanasaikolojia Evelyn Hooker, ulioonyesha kwamba watu hao hawana shida ya akili kuliko wengine, ulikuwepo tangu 1957 lakini mambo yalianza kusogea watu walipoandamana mpaka ndani ya mikutano yao, ndo 1973 bodi ikaufuta huo "ugonjwa", waliopinga wakadai kura ya wanachama wote na 1974 wakashindwa.

Presha hiyohiyo imesaidia pia, tusisahau. Maveterani wa vita vya Vietnam na madaktari waliosimama nao walipigania mpaka PTSD, yaani msongo wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, ikaingia kwenye mwongozo wa magonjwa wa madaktari haohao mwaka 1980, na hilo lina uzito sana maana bima na serikali zinalipia kilichoandikwa, mateso ambayo hayana jina kwenye fomu unabaki nayo mwenyewe.

Kwa hiyo mimi nikisikia kamati ya sera ya afya ya akili imeundwa nataka kujua kwanza wagonjwa wangapi wamo mle ndani, na kama wana kura au wameitwa kupiga picha tu.