Wimbo wa kumi

Jana usiku nilizima taa, nikavaa spika za masikioni na kuisikiliza albamu ya Uprising ya Bob Marley na The Wailers mwanzo hadi mwisho. Naijua kiasi kwamba wimbo mmoja ukikaribia kuisha, kichwani mwangu unaofuata umeshaanza. Lakini safari yote hiyo huwa naelekea kwenye wimbo wa kumi.

Nyimbo tisa za mwanzo ni za bendi nzima. Besi inatembea, ngoma zinaipokea, na akina dada wa I-Threes wanaitikia. Ukifika wimbo wa nane, Could You Be Loved, hata aliyechoka vipi atatikisa bega. Wa tisa unapoza mwendo. Halafu inaingia Redemption Song, na ghafla wote wameondoka. Besi kimya, ngoma kimya, waitikiaji hawapo. Kabaki mtu mmoja na gitaa lake.

Nikiukuta redioni naupenda. Nikiufikia baada ya nusu saa ya bendi unanikaba koo, kwa sababu upweke wa lile gitaa umejengwa na nyimbo tisa zilizotangulia. Ndiyo maana albamu hii siwezi kuisikiliza kwa kurukaruka.

Ilitoka 1980. Mei 1981 Bob akafariki, akiwa na miaka 36 tu, na hakutoa albamu nyingine alipokuwa hai. Wengi huusikia wimbo huu kama wasia. Siwalaumu, ila kinachonishika mimi ni kitu kingine: mle ndani anaomba asaidiwe kuimba. Anaomba wakati ambao hakuna wa kumwitikia. Katika nyimbo zilizopita, sauti za akina dada zingedaka pale pale. Hapa anaomba, gitaa linaendelea, na ile nafasi ya kuitikia inabaki wazi. Nilichukua miaka kutambua kwamba nafasi hiyo ni yangu.

Kwa hiyo toleo la 2001 lilinikwaza. Baada ya wimbo wa kumi zimeongezwa nyimbo mbili, na ya kwanza ni Redemption Song ile ile, ikipigwa na bendi. Naelewa nia ya waliolitoa, na hata nafurahi kwamba rekodi hiyo ipo, maana inaonyesha kwamba bendi ilikuwepo na bado likachaguliwa gitaa peke yake. Lakini kuiweka pale? Mtu kakuomba umsaidie kuimba, hujafungua hata mdomo, bendi nzima imeshakujibia.

Zile mbili nimeziondoa kwenye simu. Jana gitaa lilipomalizika hakikufuata kitu. Nilikaa gizani na spika masikioni, nikisikia pumzi zangu tu, kisha nikaanza kuimba polepole, nisiwaamshe waliolala.