Kushuka bonde la Kilombero mwezi wa sita

Wengi mkoa wa Morogoro tunaujulia dirishani mwa basi, unapita zako kwenda Iringa au Dodoma, ukiona milima ya Uluguru unajua hapa ni Moro, basi. Mi mwezi wa sita nikasema safari hii nashuka mpaka Kilombero, maana mchele nakula kila siku na bonde lenyewe sijawahi kulitia machoni.

Toka Moro mjini mnakata hifadhi ya Mikumi, tembo na twiga unawaona ukiwa kwenye siti yako, halafu pale Mikumi mjini wa Iringa wananyoosha sie tunakunja kushoto. Kuanzia hapo milima ya Udzungwa inakaa mkono wa kulia imesimama kama ukuta, kijani tupu mpaka juu, na haikuachi mpaka Ifakara. Hii milima ndo kila kitu huku jamani. Mito inashuka toka kwenye ule msitu, ndo maana bondeni kunalimwa hivi kunavyolimwa.

Mto Ruaha Mkuu mnauvuka kuingia Kidatu. Pale kuna bwawa la umeme, megawati 204, na viwanda vya sukari viko pande zote mbili za mto, upande wa Kilosa na upande wa Kilombero, miwa ilishaanza tangu miaka ya 60. Msimu wa kuvuna ulikua umeanza, moshi kila kona, maana miwa inachomwa kwanza majani yaishe ndo inakatwa. Nilikaa na mzee mmoja ana shamba lake anauzia kiwanda, nikamuuliza mbona malori yanakimbizana hivi, akaniambia "mwanangu, muwa ukishaungua haukungojei". Yaani kila siku unayolala shambani sukari inapungua, na mkulima analipwa kwa utamu wa muwa wake, sio kilo peke yake, kwahiyo lori likichelewa hasara inamwangukia yeye. Hili linaniuma mpaka leo, mtu kalima mwaka mzima halafu pesa yake inategemea foleni ya malori.

Hapohapo Kidatu reli ya TAZARA, ile waliyojenga Wachina 1970 mpaka 1975, inakutana na tawi la reli ya kati linalotokea Kilosa, ila upana wa reli haulingani, mzigo lazima ushushwe huku upakiwe kule.

Mkishapita Mang'ula, yalipo makao ya hifadhi ya Udzungwa, miwa inaanza kupungua unaingia mpunga. Ifakara juni ni mavuno, mpunga umeanikwa kwenye maturubai, mashine za kukoboa zinaunguruma, na harufu ya supa mpya ikipikwa we acha tu. Huu mchele una jina mpaka nje, Malawi kuna mchele wanauita Kilombero kabisa.

Zamani ukitaka kwenda Mahenge, kule ambako wapiganaji wa Majimaji walivamia boma la Mjerumani Agosti 1905, mto Kilombero unauvuka kwa kivuko. Saivi kuna daraja la mita 384, lilifunguliwa 2018. Nilisimama pale nikaangalia tambarare yote ile inayofurika masika. Ndo makazi ya sheshe, swala ambao wengi wao duniani walikua wanaishi bonde hili, na eneo lote limeingizwa 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, lakini mashamba na ng'ombe vinazidi kusogea ndani kila mwaka. Simlaumu mkulima, ardhi ina rutuba na watu wameongezeka. Ila maji haya yanaenda Rufiji, ndo yanayojaza bwawa la Julius Nyerere, kwahiyo tambarare na vyanzo vikikauka hata wewe wa Dar ujue umeme wako umeguswa, na mimi ningependa hela ya ulinzi wa vile vyanzo itoke pia kwenye umeme na sukari, isiwe mzigo wa wanakijiji wa Mang'ula peke yao.